Mto Usio na Mchanga

Nikutegee kimoja, mjukuu wangu, na usiharakishe kujibu. Mgeni alikuja kwangu bila kubisha hodi, akakalia viti vyote kwa wakati mmoja, na alipoondoka akaniachia koti lake sakafuni. Nani huyo?

Mwizi? Mwizi hana saa ya kukaa. Moshi? Moshi hauachi koti. Umeshindwa, nipe mji. Machakos? Haya, nimeenda Machakos, nimekula nyama, nimeshiba, nimerudi. Mgeni ni maji. Na koti lake ni tope.

Mwaka wa tisini na nne ndio tulihamia Kitengela, mimi na babu yako Muteti, mama yako Mbeke akiwa bado mgongoni. Usifikirie hii Kitengela yako ya magorofa. Ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, halafu nyasi, halafu nyasi tena. Nyumbu walikuwa wanapita nyuma ya choo chetu. Unatoka asubuhi na birika la maji, unakuta mnyama anakutazama kama wewe ndiye umepotea.

Ploti yetu ilikuwa chini ya mteremko, mahali palipolala kama kiganja. Hata wakati wa kiangazi, kwingine kote kumekauka, pale nyasi zilibaki kijani. Tulisema ni baraka. Sisi watu wa Machakos, mto tunaujua kwa mchanga. Ukifika mahali pana mchanga mweupe, hata kama hakuna tone la maji, unasema huu ni mto. Pale hapakuwa na mchanga hata wa kusugulia sufuria. Udongo mweusi tu.

Siku fundi alipoanza kuchimba msingi, jirani yetu wa juu, Mzee Kisemei, aliteremka na ng'ombe wake. Akaegemea fimbo yake, akatazama lile shimo kwa muda.

"Hapa ni olkeju," akasema.

Sasa, babu yako alikuwa anakata nyama kwenye bucha ya hapo barabarani, na Kimaasai alichojua kilikuwa cha bucha. Kichwa, maini, mbavu, mguu. Mguu ni enkeju. Basi akacheka.

"Mguu? Wa mbuzi ama wa ng'ombe, mzee? Lete tuchome!"

Mzee Kisemei naye akacheka, kwa adabu tu, akapiga mluzi, ng'ombe wakaondoka. Babu yako akanieleza, "Anasema hapa ndipo miguu ya ng'ombe wake hupita. Tumwachie njia." Tukaacha kinjia kizuri pembeni ya nyumba, tukajiona watu wenye heshima kwa majirani.

Chumba cha mbele nikakifanya hoteli. Chai, mandazi, ndengu, na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa siku ya Ijumaa. Na huko ndiko nilikompata Naisenya, mke wa Kisemei. Alikuwa anateremka na kibuyu cha maziwa, na kabla sijamwona nasikia salamu yake ya Kimaasai kule juu: "Mama Mbeke, takwenya!" Nami kutoka jikoni, mikono imejaa unga: "Iko!" Kikombe chake nilikuwa nimeshakiweka mezani. Anakaa karibu na jiko, anashona shanga, mimi nakanda, na tunasengenya kila mtu anayepita barabarani. Siku ya kwanza kumpa muthokoi aliutazama sana.

"Haya mahindi nani aliyanyoa?"

"Kula, wewe! Kwetu hatuli mahindi yenye ndevu."

Alicheka mpaka shanga zikamwagika, tukapiga magoti sote wawili kuziokota. Mjukuu wangu, nimekuwa na ndugu na dada, lakini kama yule sijapata.

Halafu ikaja ile mvua ya Elnino, mwisho wa tisini na saba. Siku yenyewe kwetu mvua haikunyesha. Jua lilikuwa limetoka na nilikuwa nimeanika nguo. Mawingu yalikuwa mbali, upande wa Ngong. Mchana nikaona kuku wangu wamepanda juu ya tangi. Nikatoka kuwafukuza, nikakanyaga maji. Yalikuja kwa nyasi polepole, bila kelele, kama chai iliyomwagika mezani. Nikachukua ufagio. Fikiria, ufagio! Kabla sijafika mlangoni yalikuwa magotini, na yamekuwa mekundu, yanavuta. Viti vikazama. Mandazi yakaelea yakatoka nje kwa mlango kama bata. Unga ukawa ugali ndani ya gunia. Sukari sikuiona tena, ilinywewa yote na mgeni.

Naisenya aliteremka akikimbia, leso kiunoni. Alimtupa Mbeke begani, akanishika mkono, akatuvuta mpaka juu bomani kwake. Babu yako alitukuta huko jioni, amebeba blanketi moja na ile saa ya ukutani.

Nyumba haikuanguka siku hiyo. Ilingoja. Udongo mweusi ukinywa maji huvimba, na ukikauka hupasuka, na ukuta hauna la kufanya ila kuufuata. Baada ya wiki chache ungeweza kupitisha mkono katikati ya ukuta wa jikoni.

Tulikaa kwa Naisenya mwezi na zaidi. Nilikuwa nimepoteza kila kitu, lakini asubuhi nikiamka na kumsikia akikama, moyo wangu ulikuwa umetulia. Siku moja tukichambua mboga, nikamwuliza kwa nini hawakujenga kule chini kwenye nyasi nzuri.

"Nani atajenga kwa olkeju?"

"Kwa mguu?"

Akanitazama. Halafu akashika mdomo. "Enkeju ni mguu, Mama Mbeke. Olkeju ni mto! Kwetu hata maneno yana wake na waume. Keju ikiwa mwanamke inatembea na viatu. Ikiwa mwanamume, inakubeba."

Nilicheka nikalia, nikalia nikacheka. Babu yako akatoka nje kuuliza ni nini. Nikamwambia. Yeye hakucheka. Alikwenda moja kwa moja zizini.

"Mzee Kisemei! Unaona mwenzako anajenga mtoni, unasema neno moja tu halafu unaenda kuchunga?"

"Nilisema. Wewe ulicheka," akajibu Kisemei. "Mtu mzima akicheka, nimwambie mara ngapi?"

Nao walikuwa wamesema kweli, kila mmoja ya kwake. Lakini babu yako alikuwa na uchungu wa nyumba. Wiki hiyo hiyo alikodi pikapu, akatuhamisha mpaka Matasia, karibu na Ngong, kwa binamu yake. Naisenya alisimama njiani na kile kibuyu cha maziwa, akanipa kupitia dirishani.

Matasia ni kuzuri, sikatai. Kuna baridi, kuna sukuma wiki, watu wanapendana. Babu yako alipata kazi ya bucha tena, mimi nikauza chai nje ya geti. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa nikisikia mtu akiita barabarani, mkono wangu unaenda wenyewe kuchukua kikombe. Mvua ikinyesha kule Ngong na maji yakiteremka kwenye mitaro, nilikuwa nasimama mlangoni nayaambia, nisalimieni Naisenya, na mpite mbali na mlango wa mtu. Sijui hata kama yalikuwa yanaenda upande ule. Tulikutana mara moja kwa matanga ya Mzee Kisemei, watu wakiwa wengi, tukashikana mikono tu.

Basi mwaka wa elfu mbili na sita, simu ya babu yako ikalia, mama yako akaipokea, akanipa. Sauti ilikuwa ile ile.

"Mama Mbeke, takwenya!"

"Iko!" Nilipiga kelele mpaka Mbeke akaziba masikio.

"Sikiza. Kuna ploti hapa juu, ua kwa ua na mimi. Inauzwa. Nimemwambia mwenyewe angoje watu wangu, lakini watu wa Nairobi wanaingia kila siku na magari. Hatangoja mwezi uishe. Kuja, tuzeeke pamoja."

Pesa hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni ile ploti ya chini. Nami nilimsumbua babu yako mpaka akakubali kuiuza. Mnunuzi akapatikana mmoja tu, msichana anaitwa Evalyne, fundi wa nywele, anataka kufungua saluni na kuishi nyuma.

Tulikutana pale kiangazi, nchi yote imekauka na ng'ombe wanakufa. Na ile ploti? Nyasi kijani. Vipande vya ukuta wetu bado vilikuwa vimesimama.

"Woi, angalia vile kunapendeza!" Evalyne akasema. "Hapa nitapanda maua mpaka barabarani." Akazunguka, akagusa ule ukuta uliopasuka. "Lakini mzee, nyumba mlikuwa nayo. Kwa nini mlihama?"

Babu yako akakohoa.

"Twende juu kwanza," akasema. "Kuna mama ametupikia chai."

Naisenya alikuwa mlangoni, amezeeka, meno mawili hayapo, na alinikumbatia hivi kwamba kitambaa changu kilianguka. Hakunikaribisha kiti. Alinivuta nyuma ya nyumba kunionyesha ile ploti. Alikuwa ameichomeka vijiti. "Hapa mlango wako wa jikoni," akasema. "Hapa dirisha. Nikikuita sitahitaji hata kupaza sauti." Nilisimama katikati ya vile vijiti, mjukuu wangu, na nikanusa mandazi yangu. Naapa nilinusa.

Tukarudi ndani. Chai ikamiminwa. Evalyne akaweka mkoba wake mapajani, akatoa mkataba ambao wakili alikuwa ameuandika, na kalamu. Akaifungua kalamu. Halafu hakuandika.

"Mzee, hukunijibu. Mlihama kwa nini?"

Naisenya akatazama ndani ya kikombe chake. Mimi nikatazama mikono yangu. Nilijua kwamba nikiinua macho babu yako ataona ninachotaka, na ninachotaka kilikuwa pale nje, kimechomekwa vijiti.

Babu yako akasimama. Akaenda mlangoni, akatazama kule chini kwenye kijani kwa muda mrefu, mpaka chai yake ikatengeneza ngozi juu. Aligeuka akanitazama mimi kwanza. Halafu akamtazama yule msichana.

"Maji yalituhamisha," akasema. "Na yatarudi. Usijenge hapo, binti yangu."