Mkate wa Shuanshuan

Donge la unga lilikuwa limeumuka hadi kufurika beseni, limetuna kama kitambi cha katibu wa kijiji, Mkwe, mama wa mume wa binti yangu, aliposimama mlangoni pangu akasema nisilipike.

"Watatucheka. Mkate wa ukamilifu, kwa mtoto yule?"

Huku kwetu Shanxi, Uchina, mtoto akitimiza mwezi, bibi mzaa mama hupeleka mkate huo, uliopikwa kwa mvuke, wa duara, mpana kama gurudumu, wenye vichwa vya simbamarara vya unga. Mtoto huvishwa mkate shingoni kwa tundu lake la katikati, kisha mkate hukatwa. Kila nyumba ikishakula kipande, mtoto ni wa kijiji.

Mjukuu wangu alizaliwa na mgongo wazi, uti umetokeza kama kifuko cha maji. Daktari alisema haukufunga tangu siku ambazo binti yangu Cuiping hajajua hata kama ana mimba. Miguu haitaamka, na kichwa kimeanza kujaa maji. Vidonge vya kuzuia hilo tuligawiwa bure, lakini mgawaji alikuwa mama yuleyule aliyepita zamani akitupeleka kwa nguvu kufungwa vizazi. Nani angemeza? Mkwe aliwalisha kuku vidonge hivyo. Mwaka ule walitaga vizuri sana.

Nilimwita mtoto Shuanshuan, yaani aliyefungwa kamba, asituponyoke. Baridi ilipoingia alituponyoka. Lakini siku ile ya unga alikuwapo, ananyonya.

"Mkwe," nikasema, "mkate wenyewe una tundu katikati. Umeona nani akiucheka?"

 Akainama, akanichochelea makaa.

Kesho yake, nyumbani kwa Mkwe, tulimvisha mtoto mkate akiwa kifudifudi, maana mgongo haukugusika.

"Mama, simbamarara wako wana makengeza," alisema Cuiping.

"Wamemrithi baba yako."

Akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue. Alikata mkate mwenyewe, akauzungusha mlango kwa mlango, akarudi na sinia tupu. "Wamepokea wote, Mama. Kwa mikono miwili."

Nililala hapo. Asubuhi tukaenda kuteka maji, mimi mbele. Kwa jirani wa kwanza, ambaye mkaza mwanawe alikuwa mjamzito, kipande chetu kilikuwa ndani ya hori la nguruwe, hakijang'atwa hata kidogo. Na kwenye hori la jirani wa pili vilevile.

"Mbona umesimama, Mama?" Cuiping aliuliza nyuma yangu.

"Magoti," nikasema, nikajitanua nilivyoweza mbele ya hori. Nami sijawahi kuwa mnene.