Makala ya Tano ya Mwalimu Shu

Langoni mwa chuo chetu hapa Gansu kuna ubao mwekundu wa habari njema. Mwaka jana ulitangaza kwamba kitivo chetu cha kilimo kimetoa makala za utafiti mia tatu na kumi na mbili, na kwamba dunia nzima imefaidika. Dunia yenyewe haijatuandikia barua ya shukrani, lakini tusiiharakishe. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tunatembeza kwa herufi za dhahabu.

Mimi ndiye ninayezihesabu. Naitwa Ke Suqin, katibu wa utafiti wa kitivo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sijui kiazi kinaumwa nini, lakini ukitaka kujua makala fulani ina alama ngapi, nitakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Katika zile mia tatu na kumi na mbili, hamsini na saba zina jina la mkuu wa kitivo, Profesa Teng Guanghui. Hiyo ni zaidi ya makala moja kila wiki, na mtu huyo huyo alipumzika siku kumi na tano za mwaka mpya na kuhudhuria mikutano kumi na minne. Msidhani aliiba. Hapa kwetu ukimaliza makala yako unaliweka jina la mkuu mwishoni, na juu yake kinyota, kuonyesha kwamba ndiye aliyeisimamia kazi yote. Mkuu hakuombi hata siku moja. Ni wewe mwenyewe unaona haya kumwacha nje, kama unavyoona haya kumkalisha mgeni karibu na mlango wa jikoni.

Sasa, kulikuwa na Mwalimu Shu Peilan, mtaalamu wetu wa viazi. Aliajiriwa kwa mkataba wa miaka sita, na mkataba ulisema wazi: makala tano katika majarida yaliyo kwenye orodha, la sivyo kwaheri. Kwaheri ya kazi, kwaheri ya nyumba ya chuo, kwaheri ya shule ya chuo ambako binti yake alikuwa darasa la tatu. Miaka sita ilikuwa inaisha mwezi wa sita. Makala alizokuwa nazo ni nne, na ya tano ilichapishwa mwezi wa tatu. Kamati ya kitivo ikiikubali hiyo ya tano, anabaki. Ikiikataa, anafunga mizigo.

Mnaweza kuuliza, mtu hodari afanye nini miaka sita hadi asitimize makala tano? Alikuwa mashimoni. Wakulima wetu wa milimani huhifadhi viazi kwenye mashimo marefu yaliyochimbwa ardhini, na kila majira ya baridi theluthi ya viazi ilikuwa inaoza. Mwalimu Shu alishuka humo majira matatu ya baridi, na tochi na kipimajoto, akatoka na karatasi moja yenye michoro: panga hivi, toboa tundu la hewa hapa, funika na majani makavu pale. Wakulima waliibandika nyuma ya milango ya mashimo yao, na viazi vikaacha kuoza. Nilijaribu kuiingiza karatasi ile kwenye kompyuta ya kitivo. Kompyuta ikaniuliza, jina la jarida? Nikaandika, mlango wa shimo. Ikakataa. Nilikasirika siku nzima, na kompyuta haikujali.

Siku ya kikao wajumbe tisa waliketi, chai ikamiminwa. Mwaka huo tulikuwa na utaratibu mpya wa haki: majina yote ya waandishi yafutwe kwa wino mweusi, ili mjumbe asijue anamhukumu nani. Wino niliupaka mimi, kwa mkono wangu, hadi vidole vikawa kama vya fundi baiskeli. Kila mjumbe alichagua makala moja kutoka rundo la waombaji wote, akapewa nusu saa aisome, kisha aseme.

Mkuu Teng alichagua iliyokuwa fupi kuliko zote. Kurasa nne. Ilikuwa ya tano ya Mwalimu Shu.

Nilijua, lakini nilinyamaza. Kichwa cha makala sikukifuta, nikadhani ataona viazi, ataona mashimo, atakumbuka. Mtu hasahau mtoto aliyempa jina lake, nilijiambia. Kumbe anasahau, akiwa na watoto hamsini na saba kwa mwaka.

Makala nne za wajumbe waliotangulia zilipita bila taabu. Ikafika zamu ya Mkuu. Alivua miwani, akaipiga makala kwa kiganja.

"Jamani, hii ni nini?" alisema. "Mnisaidie. Hii ni nini?"

"Si makala, Mkuu?" alijibu Mzee Mou, profesa wa udongo, ambaye alibakiza miezi minne astaafu na alikuwa haogopi tena kitu.

"Makala gani! Mtu amepima viazi kumi na viwili. Kumi na viwili! Mke wangu akienda sokoni anagusa vingi kuliko hivyo. Halafu joto la shimo amelipima mara mbili, akachora mstari, akatuambia joto linapanda. Kwa vipimo viwili! Angepima cha tatu pengine lingeshuka."

Wajumbe walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa amepamba moto.

"Na tazameni hapa. Anasema viazi vya chini huoza kwanza kwa sababu ya unyevu. Unyevu wenyewe hakuupima! Uko kwenye makala nyingine, bila shaka. Huyu mtu alikuwa na kazi moja nzuri, akaikata vipande kama anayekata tofu ya soya, akatuuzia kipande kimoja kimoja. Mimi naona aibu kwa niaba yake."

Niwaambie ukweli, nilimpenda dakika ile. Miaka kumi na tisa nimemwona Mkuu Teng akikata utepe, akipeana mikono, akipigwa picha. Sikuwahi kumwona akisoma. Macho yalikuwa yanang'aa, kidole kinatembea juu ya jedwali, na kila alichosema kilieleweka hata kwangu mimi nisiyejua kiazi kinaumwa nini. Nikakumbuka watu wakisema kwamba ujanani alikuwa mwanasayansi hatari. Sikuwa nimewaamini.

"Kwa hiyo unapendekeza nini, Mkuu?" aliuliza Mzee Mou.

"Ikataliwe! Kuna swali?"

Hapakuwa na swali. Ila kabla ya kura, kanuni inanitaka nisome fomu, na jibu niliandike kwenye kumbukumbu na kutia saini yangu. Nikasimama.

"Je, kuna mjumbe yeyote aliyeshiriki kuandika makala hii?"

Wanane wakatikisa vichwa. Mkuu Teng akacheka kwa mara ya kwanza.

"Mimi? Niandike uchafu huu?"

Ningeweza kuandika "hakuna" na kuketi. Lakini nakala isiyo na wino ilikuwa mkononi mwangu, na saini ingekuwa yangu. Na nilimfikiria yule binti wa darasa la tatu.

"Naomba radhi, Mkuu," nilisema. "Jina lako lipo. Ni la mwisho. Lina kinyota."

Nyani haoni kundule, lakini si kila siku nyani anasimama mbele ya kamati na kulikashifu kwa sauti. Mkuu Teng aliichukua ile nakala, akalitazama jina lake, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Uso ulimwiva kama nyanya. Akisema makala ni mbovu, ameandika ubovu. Akisema ni nzuri, alikuwa anabwabwaja nini? Na akisema hakuiandika, zile hamsini na sita nyingine nani aliziandika?

Aliyemwokoa ni Mzee Mou. Alijimiminia chai polepole, akapuliza.

"Wenzangu," alisema, uso mkavu kabisa, "leo tumefundishwa. Ni viongozi wangapi wanaweza kuichambua kazi yao wenyewe hadharani bila huruma? Huu ndio moyo wa kujikosoa tunaouhubiri kila mwaka. Mkuu Teng ametuonyesha kwa vitendo."

"Kweli kabisa!" alidakia mmoja.

"Mfano wa kuigwa!" akasema mwingine, na makofi yakaanza.

Mkuu Teng alivaa miwani yake. "Mtafiti lazima awe mkali kwa nafsi yake," alisema taratibu. "Lakini makala yenyewe, kwa ujumla, ina mchango mkubwa."

Kura zote tisa zikasema ndiyo. Makala ikapita, na kwenye kumbukumbu niliagizwa niandike neno "kujikosoa" mara tatu. Jioni hiyo hiyo likawa kwenye ubao mwekundu wa langoni.

Mwalimu Shu nilimkuta kwenye chumba chake cha maabara, amekaa juu ya gunia, hajala tangu asubuhi. Nilimwambia amepita. Alinikumbatia, akalia kidogo, akajifuta machozi kwa mkono wa koti. Kisha nikamsimulia kioja chote ili acheke. Niliiga mpaka sauti ya Mkuu.

Hakucheka.

"Amesema vipimo viwili?"

"Ndiyo! Eti angepima cha tatu lingeshuka!"

"Na amesema unyevu uko kwenye makala nyingine?"

"Amesema umekata kama tofu. Wewe shoga, ungemwona!"

"Dada Ke," alisema, "ni kweli. Nilipima mara mia moja na arobaini. Ilikuwa kazi moja. Niliikata vipande vitatu ili zitimie tano. Miaka sita, wahariri, wasomaji wa majarida, hakuna hata mmoja aliyeniambia. Yeye ameliona kosa kwa nusu saa."

Aliinuka, akafungua kabati, akatoa daftari tatu zenye madoa ya udongo. Niliona anapendeza ghafla, kama msichana anayekwenda kuposwa.

"Unakwenda wapi?"

"Kwake. Namwonyesha kazi nzima. Tuiandike upya, mara moja, vizuri. Yeye ndiye mtu pekee aliyeisoma."

Nilimfuata, kwa sababu mkataba wake mpya ulikuwa ofisini kwa Mkuu ukisubiri saini. Tulimkuta akinyoosha tai mbele ya kioo, kwani mpiga picha wa chuo alikuwa njiani. Mwalimu Shu aliweka daftari mezani kwa mikono miwili.

"Mkuu, uliyosema leo kuhusu ile makala ni ya haki. Vipimo ni vichache. Hivi hapa vyote. Naomba tuirekebishe pamoja."

Mkuu Teng alizitazama daftari. Mkono ulitoka kidogo kuelekea ile ya juu, na mimi, Mungu nisamehe, nikaanza kuomba. Kisha aliurudisha kwenye tai.

"Mwalimu Shu," alisema, "makala ile haina kosa lolote. Niliiandika mimi."

Mpiga picha akabisha hodi. Mwalimu Shu alizikusanya daftari zake, moja, mbili, tatu, akazibana kwapani. Nikamsogezea mkataba mpya. Miaka mitatu, makala nane.

"Kalamu unayo, dada?"

Nilimpa. Alitia saini bila kusoma.