Sumu, Ama Anti, Toto

Nilikuwa na maneno matatu ya kupeleka darasani jioni ile, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi ya sufuria, niliyashika kwa mdomo. Sum. Amount. Total.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni humpa kila mwanafunzi neno moja la Kiingereza, kisha humtaka alilete darasani pamoja na ndugu zake. Neno halizaliwi peke yake, anasema. Langu lilikuwa sum, yaani jumla. Hao wawili wengine ni wa ukoo uleule, ila hawafanani sura. Amount huangalia kiasi tu, kiwe kidogo, kiwe kikubwa. Total hatulii mpaka kila kitu kiwe kimeingia, kisibaki hata kimoja nje. Na sum mwenyewe ana vibarua vya pembeni: hesabu za watoto wa shule huitwa kwa jina lake, na mtu aliyeongea sana akitaka kufupisha, humwita yeye: to sum up.

Ambaye angelieleza neno lake vizuri jioni ile angepanda darasa. Asiyefika angerudia mwaka mzima. Mimi hupiga deki kwenye zahanati, na msimamizi wetu alishaniambia: maliza darasa linalofuata, nikutoe kwenye ndoo nikuweke dirishani upokee wagonjwa. Nilishajiona nimekaa pale dirishani. Hata blauzi nilishaichagua.

Basi nikawa nakoroga mchuzi wa viazi huku nakariri. Ulimi wangu haupendi neno likatike ghafla. Huliongezea mkia hapa, pale humeza herufi ya mwisho. Nikakoroga. "Sumu. Amaunti. Toto." Nikaonja chumvi. "Sumu. Amaunti. Toto."

Jiko letu na chumba cha mama mkwe vimetengwa na mbao tu. Sikujua kwamba upande wa pili alikuwa ameacha kukunja nguo.

Alitoka bila viatu. Alimnyakua mwanangu Bonge pale sakafuni alipokuwa akicheza na mfuniko, akaenda moja kwa moja getini, akabana kufuli, na ufunguo akautumbukiza kifuani.

"Mama, mbona unafunga? Natoka sasa hivi."

"Hutoki. Na hicho chakula asikiguse mtu."

Wifi yangu, ambaye ni msusi, akachungulia kutoka chumbani, kitana kimechomekwa nyweleni. "Kuna nini?"

"Muulize mke wa kaka yako! Nimesikia kwa masikio yangu haya. Sumu! Ama anti, toto! Mtu amesimama juu ya sufuria yangu anachagua aanze na nani, anti ama toto!"

Wifi akajishika shingo. Anti wa mle ndani ni yeye. Ndivyo tunavyomfundisha mtoto amwite. "Mimi tena? Wifi, nimekukosea nini mimi? Au ni zile rasta nilizokubana sana?"

"Ni Kiingereza, Mama," nikasema. "Sum, maana yake jumla."

Hapo ndipo nilipojimaliza.

"Jumla!" Mama mkwe akamkumbatia mtoto kwa nguvu. "Mnamsikia? Wenzake huua rejareja, huyu wetu kafungua duka la jumla!"

Ningecheka, lau ningekuwa nasimuliwa. Lakini Bonge alikuwa ananyoosha mikono kuja kwangu, na bibi yake akageuka naye, akanipa mgongo.

"Wewe ulisoma," akamwambia binti yake. "Sumu kwa Kiingereza inaitwaje?"

Wifi alifika sekondari miaka miwili, na nyumba hii haijawahi kuisahau miaka hiyo. Aliangalia dari. Aliangalia kitasa. Kisha akaniangalia mimi, na nikaona waziwazi kwamba hajui, na kwamba kusema hajui kungemuuma kuliko hiyo sumu yenyewe.

"Inaitwa... sumu," akasema, kwa sauti ndogo.

"Si mmeona?"

Nikimwambia hajui, nitakuwa nimeongeza adui. Wakampigia mume wangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea mapaa, na akiwa juu huzima simu. Simu haikupatikana.

"Tutamsubiri mwenyewe," mama mkwe akasema.

"Anarudi mwisho wa wiki, Mama!"

"Tutasubiri."

Geti letu ni fupi. Nikikanyaga ndoo naliruka. Nililipima kwa macho zaidi ya mara moja. Lakini nikiruka nimekimbia, na aliyekimbia ana hatia, na mwanangu nitakuwa nimemwacha huku na neno bovu kuhusu mama yake. Nikasimama katikati ya uwanja mdogo, ukuta huku na ukuta huku, kama kuku aliyeingia nyumba ya watu.

"Basi nitakula," nikasema. "Nile mbele yenu."

Nikaleta sufuria hapo uwanjani, nikapakua sahani ikajaa. Nilikula kwa haraka hadi ulimi ukababuka. Nikawaonyesha sahani tupu.

"Haya, Mama. Nifungulie."

Akafikiri. "Kuna sumu ya haraka na kuna ya taratibu. Kaa hapo tukuone."

Nikakaa. Kivuli cha kamba ya nguo kikaanza kupanda ukutani. Wenzangu wakati huo walikuwa wanafuta ubao na kusogeza madawati. Nilikohoa, wifi akaruka hatua nzima nyuma.

"Miguu haina ganzi?" mama mkwe akauliza.

"Haina."

"Tumbo?"

"Limeshiba, Mama. Nina haraka tu."

"Hata wao husema hivyo."

"Wao nani?"

Wote wawili walinikodolea macho, wakisubiri nigeuke rangi. Nami nilikuwa nakikodolea kile kivuli, na dirisha langu la zahanati nililiona likijifunga taratibu.

Hakuna aliyemwangalia Bonge. Aliteleza kutoka magotini kwa bibi yake, akajikongoja hatua zake za juzi juzi hadi kwenye sufuria iliyokwisha poa, akatumbukiza ngumi nzima, akaipeleka mdomoni.

Mama mkwe akainuka akipiga ukelele. Wifi akapiga wa kwake juu ya huo. Mimi nilisogea nikampangusa kidevu.

"Polepole, baba," nikamwambia. "Utapaliwa." Nikachukua kiazi, nikakiponda kwa vidole, nikamwekea kidogo ulimini. Akafumba macho kwa utamu.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa haniangalii usoni tena. Alikuwa anaangalia vidole vyangu.

"Hukushtuka," akasema.

"Nishtuke nini, Mama? Ni chakula."

"Hukushtuka hata kidogo." Akakaa chini polepole, kama mtu aliyetua mzigo. "Mimi nimezaa. Najua mzazi anavyoruka mwanawe akigusa kibaya. Sasa hilo neno lako ni nini hasa?"

"Mama, mimi silijui!" wifi akalipuka. "Nilisema tu! Darasani nilikuwa nakaa nyuma kabisa, nasuka wenzangu!"

"Miaka miwili yote?"

"Ndiko nilikojifunzia kusuka!"

Mama mkwe akamtazama, akataka kugomba, kicheko kikamponyoka puani. Akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo.

Nikainama nimbebe mwanangu. "Mwache," akasema. "Utakimbia naye hivyo? Nenda. Mimi nipo." Alifungua kufuli. "Ila hilo neno usinitajie tena jikoni. Hao wenye lugha yao hawana jingine?"

"Wanalo. Total."

"Toto." Alilionja. "Hilo lina adabu. Maana yake?"

"Vyote pamoja, Mama. Kisibaki hata kimoja nje."

Nilikuwa nimeshavuka geti. Aliniangalia pale nje niliposimama.

Nikakimbia. Mpaka kona ya kwanza nilitega sikio nisikie kufuli likibanwa nyuma yangu, kwa maana mlio wake naujua. Nilichosikia ni yeye akimwambia wifi: "Lete sahani, na mimi nina njaa."

Nilifika darasani mtu wa mwisho akirudi kuketi. Mwalimu alikuwa ameshashika kifutio.

"Umechelewa, mama. Haya, neno lako?"

Nikasimama mbele ya ubao, pumzi juu juu, mchuzi wa mwanangu umekaukia kwenye mkono wa gauni langu.

"Mwalimu," nikasema, "naomba nianze na ndugu yake."