Jua la Marshalltown

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mayasa alimvua Tabia nguo, akampaka mafuta ya nazi na kumlaza kwenye mkeka chini ya dirisha. Kwao Tanga ndivyo mtoto anavyolelewa: huanikwa jua la asubuhi ili mifupa ikaze. Dirisha lenyewe mwenye nyumba alilipiga misumari, halifunguki, lakini jua lilipita na kioo kilikinga upepo wa Julai, ambao Johannesburg haumwonei huruma mtoto wala mzazi. Mayasa aliona amepata bahati.

Alhamisi moja aliomba ruhusa akampeleka kliniki, maana Tabia alikuwa ametimiza mwaka na nusu na miguu ilikuwa inapinda badala ya kusimama. Nesi alimshikashika mikono na magoti, akasema ni matege, mwili umekosa vitamini D. Akauliza kama mtoto anapata jua. Mayasa akaeleza habari ya mkeka na mafuta, tena kwa majivuno kidogo. Nesi akauliza kama dirisha huwa wazi.

Ndipo akaambiwa, kwa upole, kwamba kioo hupitisha mwanga na joto lakini huzuia kile kitu cha jua kinachotengeneza vitamini. Mayasa alitamani kulia. Mafuta yote yale, uaminifu wote ule, na mtoto alikuwa akiota joto tu. Matone ya vitamini yalikuwa yameisha kliniki, arudi mwezi ujao. Kwa sasa amtoe nje mchana, miguu wazi, kidogo kidogo kila siku.

Kwani Johannesburg kuna upungufu wa jua? Kipupwe chote mbingu ni buluu tupu. Kilichopungua ni mahali pa kulikalia. Mayasa alishona sare za shule Marshalltown, katikati ya jiji, katika chumba cha chini ya ardhi cha fundi Jacques wa Lubumbashi, huku Tabia akilala kwenye boksi la vipande vya vitambaa. Jacques, ambaye si mtu mbaya ila ana oda, alimruhusu atoke saa ya chakula, arudi mbio.

Mtaa mzima ulikuwa kivulini mwa maghorofa. Palipokuwa na jua ni ng'ambo tu, kwenye uwanja wa jengo la ofisi, penye majani yaliyokatwa vizuri na mabenchi. Mayasa hakugusa benchi. Alikaa ukingoni, akampandisha Tabia suruali mpaka magotini.

Mlinzi akaja. Ni Ruphin, mtu wa Bukavu, aliyezoea kumsalimia Mayasa kila asubuhi.

"Mama Tabia, hapa hawaruhusu. Boss anaona mu kamera."

"Sikai sana, kaka. Nesi amesema mtoto apate jua. Au jua nalo ni lao?"

Ruphin alifikiri kwanza. "Jua hapana, mama. Fasi, pale linaangukia, ndiyo yao."

Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Mayasa alikuwa na hasira ya kutosha jengo zima, lakini hakuona wa kumtolea, maana Ruphin naye ana watoto. Aliona tu kwamba kivuli chake kimelala juu ya miguu ya Tabia.

"Basi sogea kidogo, kaka. Umemkinga."

Ruphin akashtuka, akasogea upesi kama mtu aliyekanyaga mswala kwa viatu. Jua likashuka kwenye magoti ya mtoto. Mara redio ya begani ikakoroma, sauti ya Kiingereza ikamwambia arudi alipokuwa, asimame hapo hapo mpaka yule mwanamke aondoke.

"Pardon, mama," alisema, akarudi.

Mayasa hakuinuka. Alimpandisha Tabia suruali hadi mapajani, akangoja. Ruphin naye akangoja, macho yake barabarani na kivuli chake juu ya mtoto, mpaka saa ya chakula ikaisha.