Bhele wa Nani?

Mjane wa pili alipoingia kanisani Emthonjeni, MamTolo alitazama pini zake kwanza. Zilikuwa mbili. Shali jeusi lilibanwa begani kwa pini mbili kubwa, kama lake mwenyewe, na kitambaa cha kichwani kilishushwa mpaka kwenye nyusi, kama chake. Mgeni akaja moja kwa moja benchi la nyuma karibu na mlango, mahali wanapokaa wanawake waliofiwa na waume mpaka mwaka wao uishe.

"Nisogezee kidogo, mama," akanong'ona.

MamTolo akasogea. Kwa miezi kumi benchi lile lilikuwa lake peke yake, na hakuna mume aliyezikwa hapo mjini Komani bila yeye kukoroga sufuria za msibani. Sasa huyu wa kwake alizikwa wapi? Na nani alipika?

Alimtazama kwa pembe ya jicho ibada nzima. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, vidole vyembamba, kimoja kina alama za sindano. Wimbo wa mwisho ulipoanza akainuka kabla ya MamTolo na kuondoka, kama desturi inavyowataka wenye weusi watoke kabla ya wengine. Desturi anaijua, basi. Lakini amefundishwa na wakwe gani?

Jibu lilikuja Jumatano, kwenye darasa la sala, pale kila mmoja anaposimama na kusema hali ya roho yake. Mgeni alisimama wa mwisho.

"Mimi ni Zodidi. Nashona nguo, naishi nyumba za juu. Namlilia Bhele wangu. Alinipenda miaka kumi na miwili, na alipolala, ndugu zake hawakuniruhusu hata kutupia udongo. Mwaka wangu unaisha Juni. Niombeeni."

Akaketi.

Mume wa MamTolo, Mzimasi, fundi wa cherehani, mji mzima ulimwita Bhele. Ni jina la ukoo wake, na mwanaume mwenye heshima zake haitwi jina alilopewa na mama yake. Binti wa ukoo huohuo huitwa MamBhele. Hiyo Mam ndiyo inayomtenga dada na kaka, na mtoto anayejifunza kusema haikosei. Huyu hakusema Mam. Alisema Bhele. Na Mzimasi naye alikufa Juni.

Walipotoka, MamTolo alimshika mkono MaGaba, mjane wa zamani na mwenyekiti wa umoja wa akina mama, rafiki yake tangu wakiwa na meno yote.

"Umesikia?"

"Nimesikia, dada yangu. Akina Bhele wamejaa Komani."

"Waliokufa Juni ni wangapi?"

"Mimi nachimba makaburi? Usiniulize." MaGaba akarekebisha kola yake nyeupe. "Lakini mwenzio si alishinda nyumba za juu siku tatu, mwaka juzi, kwa ajili ya cherehani moja?"

"Ilikuwa imeshika kutu."

"Mm," akasema MaGaba. "Kutu."

Kufikia Jumapili, blauzi nyekundu zote za umoja wa akina mama zilikuwa zinajua. MamTolo alijua kwamba zinajua, kwa sababu alipoingia watu walimsalimia kwa upole mno, jinsi mtu anavyosalimia mgonjwa.

Zilibaki wiki tano. Jumapili ya pili ya Juni angesimama mbele ya kanisa, MaGaba angezichomoa pini zile mbili, angevuliwa weusi na kuvishwa tena blauzi nyekundu ya umoja aliyoiweka kabatini tangu msiba. Na katika sala ya siku hiyo jina la mume lazima litajwe kwa sauti. Angelitajaje? Ikiwa ni kweli, basi amevaa weusi mwaka mzima, kwenye jua na vumbi, kwa ajili ya mtu ambaye nyumba nyingine nayo inamvalia. Na kanisa zima lingesikia jina lile likitajwa huku jicho moja likiwa mbele na jingine kwenye benchi la nyuma.

Mlangoni mwa kanisa kulikuwa na ubao ulioandikwa *Njoo ulivyo*. Mchungaji Ntantiso na baraza waliuweka miaka saba iliyopita. Familia nne zilihama kwa hasira. MamTolo alibaki. Luvo na mwenzake Athi, wanaume wote wawili, walikaa benchi la tatu, kila mtu akijua wanaishi nyumba moja na kwa nini, naye alikwisha wazoea. Luvo alikuwa na besi ya kutikisa vioo, na mtu haifukuzi besi kama ile. Njoo ulivyo, sawa, MamTolo alijisemea. Lakini haijaandikwa uje na mume wangu.

Wiki ya tatu akapata sababu. Blauzi yake ilikuwa inampwaya, maana huzuni ilikuwa imemkondesha. Akaikunja kwenye gazeti, akapanda nyumba za juu mchana kweupe, ili asiwepo wa kusema amekwenda kwa kujificha.

Zodidi alimkaribisha kwa chai na biskuti za tangawizi. Nyumba safi, vyumba viwili, kitanda kimoja kikubwa kinaonekana mlangoni. MamTolo alikiona kitanda. Kisha akaiona cherehani, na chini ya mkono wa gurudumu, nukta ya rangi nyekundu. Mzimasi hakuiacha mashine aliyoitengeneza bila kuitia nukta ile.

"Aliyekutengenezea hii ni nani?"

"Marehemu mume wako, mama," Zodidi akajibu huku akipima mshono. "Bhele wa cherehani. Fundi kama yule hatutampata tena."

Alilisema wazi, bila kupepesa. MamTolo alikiweka kikombe chini.

"Basi tuseme yote, mwanangu. Wangu ni Bhele wa cherehani. Wako ni Bhele yupi?"

Sindano ikasimama. Zodidi aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na picha. Mtu mmoja amesimama kando ya basi, kofia ya udereva imeinamishwa upande, anacheka mpaka ufizi unaonekana. MamTolo aliisogeza dirishani. Alimtafuta Mzimasi kwenye uso ule, hakumwona. Aliona kifua chini ya sare. Aliona hereni.

"Huyu ni dada yake?"

"Huyu ndiye. Siviwe. Kule gereji madereva wote walimwita Bhele tu. Alisema hiyo Mam inamkaba kama kola."

Nje mtu aliita kuku wake. MamTolo aliitazama ile picha muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Alikuwa na wale wanaume wawili mbele ya macho yake kila Jumapili, miaka saba, na bado haikumpitia akilini. Lakini huyu binti nani angemshuku? Alisema Bhele, alisema alinipenda, maneno ambayo hayasemi ni wa kike au wa kiume, na MamTolo mwenyewe ndiye aliyeyavisha suruali.

"Mume wako alitukuta hapa siku zile tatu," Zodidi akaendelea taratibu. "Hakuuliza kitu. Siku ya mwisho akatuambia, njooni Emthonjeni, mlangoni hakuna anayehoji. Tukapanga kuja. Ndipo Siviwe akashikwa na ugonjwa wa mapafu, na Bhele wa cherehani naye akaondoka mwezi uleule."

"Mbona mimi hakuniambia?"

Zodidi akajifanya anatafuta uzi.

"Sema tu. Nimeuliza."

"Alisema tungoje kidogo kabla ya kukutana na mama wa nyumbani kwake. Alisema una macho mazuri, ila hayana kope za kufumba."

MamTolo alishuka mlima miguu ikiwa myepesi na kifua kizito. Mzimasi hakumtenda. Haya. Lakini alilala kitandani pake usiku ule miaka miwili iliyopita akiwa na jambo moyoni, akageukia ukutani, akaona afadhali mkewe asijue. Aliomba siku tatu juu ya hilo. Aliomba pia juu ya ile picha, maana kwa Luvo na Athi hakuwa amedaiwa kitu zaidi ya kusalimu. Mungu hakumwambia lolote. Alimkumbusha tu kwamba blauzi bado iko kule juu.

Alhamisi alimfuata MaGaba kabla ya sala ya akina mama.

"Yale maneno tuyafute. Siyo Mzimasi."

"Nimefurahi. Ni nani, basi?"

MamTolo akaikumbuka picha ile. Hilo jina halikuwa lake kulitoa.

"Siwezi kusema."

"Aa." MaGaba akampapasa bega, yale mapapaso ya wagonjwa. "Basi ndiye, dada yangu. Pole. Wanaume ni wanaume."

"Nimekwambia siye!"

"Nimesikia. Usipandishe presha."

Hapo MamTolo akaona jinsi alivyonaswa na mdomo wake mwenyewe. Kumsafisha Mzimasi ni kumvua nguo binti wa watu. Kumfunika binti wa watu ni kumwacha Mzimasi na tope. Na tope lile ni yeye aliyelikoroga, Jumatano ile, kwa neno moja, *umesikia?*

Jumapili ya pili ya Juni kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. MaGaba alizichomoa pini, ya kwanza, ya pili. Weusi ukaanguka. Blauzi nyekundu ikamkaa mwilini sawasawa, maana Zodidi alikuwa na mkono. Mchungaji Ntantiso akasali, akamtaja Mzimasi, Bhele, na MamTolo akasikia mabenchi yakilia kidogo, kama watu waliogeuza shingo kutazama nyuma.

Zodidi alikuwa ameketi kule peke yake. Mwaka wake naye ulikuwa umeisha, na hakuwa na wakwe, hakuwa na shangazi, hakuna aliyeinuka. Pini za mjane huchomolewa na mjane aliyekwisha vuliwa. Mchungaji aliangalia safu za wajane wenye blauzi nyekundu. Blauzi nyekundu ziliangalia vitabu vya nyimbo.

MamTolo alitembea mpaka nyuma. Dakika tano hazijapita tangu avuliwe, na tayari alikuwa anaifanya kazi hiyo. Akainama sikioni.

"Nimtajeje katika sala? Ukitaka nitasema Bhele tu. Watadhani ni wangu, na mimi nitaubeba mzigo huo, maana ni mimi niliyeutwika. Au nitaje jina lake kamili, na Mam yake. Chagua wewe."

Zodidi aliinua kichwa. Akatazama mbele, benchi la tatu, ambako Luvo na Athi walikuwa wamegeuka wazima wazima, bila kuficha.

"Lile la kumkaba?" akauliza, na kicheko kidogo kikamtoka kikiwa na machozi ndani yake.

"Hilo hilo."

"Litaje."

MamTolo akachomoa pini ya kwanza. Aliinua sauti, ile sauti ya kuanzisha nyimbo ambayo hakuitumia mwaka mzima.

"Bwana, leo tunamvua dada yetu Zodidi weusi aliouvaa kwa ajili ya mpenzi wake Siviwe. Dereva. Mtu wa kucheka. *Mam*Bhele."

Ile Mam ilibaki hewani peke yake. Mtu akakohoa, akaacha katikati. Mchungaji Ntantiso alifumba macho na kusema amina, wa kwanza. Halafu watu wakaanza kupanga upya hesabu zao: Bhele, Juni, siku tatu, kutu.

MamTolo akachomoa pini ya pili. Akazifumbata zote mbili kiganjani, akasimama wima na kuanza kuzitazama blauzi nyekundu, moja moja, kuanzia kushoto, kwa yale macho yake yasiyo na kope. Hakujua nani atakayenyanyuka kwenda zake na nani atakayebaki. Alipofika kwa MaGaba, macho yakakaa hapo.

MaGaba alivumilia kwa muda. Kisha akafungua kitabu cha nyimbo, akakuta amekishika juu chini, akakigeuza, na kutoka benchi la tatu besi ya Luvo ikaanza.