Jibu la Nilo
Ripoti ilikuwa na mistari saba tu, na Merlita alikuwa ameikariri yote. Mstari wa tano ulisema: "Niligeuka nikamuuliza kama yuko salama, akajibu ndiyo." Wa sita ulisema: "Kisha akashuka kilindini kwa hiari yake." Chini palikuwa na sahihi ya Arsenio Quibod, mwalimu wa wazamiaji, ambaye pwani nzima ilimwita Manong Arsing, yaani kaka Arsing.

Kwa sababu ya mstari ule wa sita, watu walisema Nilo, mdogo wake Merlita, alikufa akimfukuza kamba koche. Wauza samaki walimtaja wakiwagombeza watoto wao watundu. Mama yao, Nanay Konsing, akaacha kwenda sokoni. Miezi kumi na moja sasa alikuwa akimuuliza binti yake swali moja: mtoto aliyetazama barabara mara tatu kabla ya kuvuka, alifuata nini kule chini peke yake? Merlita alikuwa na shaka tu, na shaka hiyo ilikuwa na jina la mtu.

Ndiyo maana alijiandikisha katika mafunzo ya uokoaji ya Manong Arsing. Kuzamia alikujua tayari, walijifunza pamoja yeye na mdogo wake. Manong Arsing alipoliona jina lake kwenye orodha hakuuliza kitu. Alimpa mtungi wa hewa na jaketi la kuzamia, akamwita Inday, kama wanavyoitwa mabinti wa huko: "Kesho saa moja, Inday. Usichelewe."

Hata huko kutouliza alikutilia shaka. Mtu asiye na la kuficha angalau angeuliza mama hajambo.

Wanafunzi walikuwa wawili. Mwenzake alikuwa Boknoy, dereva wa boti, mtu mwenye tumbo na maneno mengi. Siku ya kwanza walijifunza kumfikia mtu aliyeingiwa na hofu juu ya maji: usimwendee kwa mbele, atakupanda kama ngazi, zunguka, mshike mtungi kwa nyuma, ubane kwa magoti. Boknoy ndiye aliyejifanya anazama.

"Niokoe, dada yangu, Manang Merlita. Nina mke na kuku kumi na wawili."

"Mke alishakukimbia."

"Basi niokoe kwa ajili ya kuku."

Merlita alicheka, kisha akamtazama Manong Arsing kwenye boti. Hakuwa akicheka. Alikuwa akimwangalia Boknoy usoni, machoni hasa, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Mchana walikula wali uliopikwa ndani ya vifuko vya majani ya mnazi, na samaki mkavu.

"Boknoy, umeshiba?" mwalimu aliuliza.

Boknoy akainua nyusi. Ndivyo wanavyosema ndiyo watu wa upande ule wa kisiwa cha Negros, wakubwa kwa wadogo; nyusi zikipanda, jibu limetoka, ulimi unapumzika.

Manong Arsing akapiga meza. "Mkono."

Boknoy akaunganisha kidole gumba na cha shahada, vyote vimejaa wali, akaonyesha duara, ishara ya wazamiaji kwamba mambo ni salama. "Manong, nikioa tena, padri akiniuliza nampenda huyu, nimjibu kwa mkono?"

"Hata padri."

"Bibi harusi atanikimbia kabla ya misa."

"Mkono, Boknoy."

Jioni Merlita aliandika katika daftari lake: *Nyusi zinamuudhi. Kwa nini?*

Siku ya pili aliona jambo jingine. Katika chumba cha vifaa, vipumulio vyote, vya kuvutia hewa ya mtungi mdomoni, vilining'inia pamoja, isipokuwa kimoja kilichokaa peke yake kwenye msumari karibu na dirisha. Kilikuwa na utepe wa njano. Utepe huo alikuwa ameufunga yeye mwenyewe, siku Nilo alipopata kazi ya kuzamia nyuma ya watalii wa Manong Arsing, kuwalinda walio mwisho. Alikishika. Kabla hajakigeuza, mkono ulipita begani kwake ukakichukua.

"Hicho hakitumiki," alisema Manong Arsing.

"Kina nini?"

"Hakitumiki, Inday."

Merlita alitoka nje. Ripoti haikusema popote kwamba vifaa vya Nilo vilikuwa na kasoro. Sasa alikuwa na hakika kwamba mtu huyu alikuwa amedanganya, kilichobaki ni kujua alidanganya wapi.

Siku ya tatu walizama watatu. Zoezi lilikuwa Merlita aongoze, Boknoy amfuate, mwalimu abaki pembeni akitazama. Kila baada ya muda kiongozi ageuke amuulize mwenzake kama yuko salama. Kabla ya kuruka, Merlita alimwona Manong Arsing akimnong'oneza Boknoy, naye Boknoy, kwa mara ya kwanza, hakutia utani.

Walishuka mita kumi juu ya mchanga mweusi. Merlita alijilazimisha kutazama mbele, lakini mawazo yake yote yalikuwa nyuma, kwa mwalimu. Wanapanga nini hawa? Aligeuka, akamwonyesha Boknoy duara la vidole: uko salama? Nyuma ya kioo macho ya Boknoy yalimtazama na nyusi zikapanda. Vizuri. Akageuka, akapiga mapezi mara nne, mara tano.

Chuma kiligongwa kwenye mtungi, ngo, ngo, ngo. Alipotazama nyuma Boknoy alikuwa amelala chali kwenye mchanga, mikono imetawanyika, amejifanya maiti. Manong Arsing alikuwa kando yake amepiga magoti. Akaonyesha kidole juu.

Juu ya maji Boknoy alivua miwani. "Samahani, Manang. Niliambiwa nijifanye nimekabwa na maji, nisitumie mkono. Nilitoa macho mpaka yanauma."

"Panda botini, Boknoy," mwalimu alisema. Kisha akamgeukia Merlita. Walielea wakitazamana, urefu wa mkono mmoja kati yao. "Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Akajibu nini?"

"Akajibu ndi..."

Macho yaliyotoka. Nyusi zilizopanda. Mtu anayekosa pumzi na mtu anayesema ndiyo, nyuma ya kioo, walikuwa na sura ile ile.

"Umenitega," alisema. "Ulitaka nikosee ili nikuonee huruma."

"Kila darasa nawafanyia hivi tangu Nilo. Mpaka leo kila mmoja amegeuka akaenda zake, kama wewe."

"Hiyo ni toba au ni kujitetea?"

"Sijui."

"Kipumulio?"

"Mpira wa ndani umepasuka. Kilikuwa kinaingiza maji. Nilikifungua wiki mbili baada ya maziko. Kabla ya hapo niliamini kweli alinijibu. Nilipouona ule mpira, nikayakumbuka macho yake."

"Na hiari? Hiyo hiari uliiona wapi?"

"Sikuiona. Nilipogeuka tena hakuwepo. Aliyekuwa akiandika aliniuliza, basi alifikaje chini? Nikasema alishuka mwenyewe. Nilitaka aache kuuliza."

"Na wiki mbili baadaye, ulipojua?"

"Nikanyamaza."

Kwa miezi kumi na moja Merlita alikuwa ameisubiri saa hii, na alidhani ikifika atampiga. Alijikuta anatazama mikono yake mwenyewe majini, mikono iliyouliza, ikapata jibu baya, ikaridhika. Hakumsamehe. Alisema tu, "Utaibadilisha ripoti leo. Kisha utakuja kumwambia mama, kwa mdomo wako, si wangu."

Walipitia ofisi ya kijiji. Manong Arsing aliandika ukurasa mzima kwa mkono wake, akataja mpira uliopasuka na akataja nyusi, na mstari wa sita akaufuta. Merlita alisoma mara mbili, akitafuta mlango wa kutorokea katika kila sentensi. Hakuuona.

Nanay Konsing aliwapokea barazani, akamwekea mgeni kiti, yeye akabaki amesimama. Manong Arsing alieleza mwanzo mpaka mwisho. Hakujipunguzia kitu, Merlita alikuwa akimsikiliza kwa masikio ya hakimu. Alipomaliza, mama alikaa chini polepole.

"Kwa hiyo hakufukuza kamba."

"Hapana, Nanay."

"Hakuwa mzembe."

"Hapana. Mzembe alikuwa mimi."

Mama aliitikia kwa kichwa, na kwa muda uso wake ulipata nafuu ambayo Merlita hakuwa ameiona tangu mazishi. Kisha ile nafuu ikasimama, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani.

"Hayo macho," alisema. "Basi mwanangu alikuwa anaogopa."

Manong Arsing alimtazama Merlita, na mama naye akamgeukia. Katika ile ripoti ya uongo, Nilo alikuwa amekufa bila kuogopa lolote. Merlita ndiye aliyeubomoa uongo ule.

Alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili.

"Ndiyo, Nanay," alisema. "Aliogopa."