Sponji ya Nyuma ya Gitaa

Kaka yangu alikuwa fundi wa magitaa, na masikio yake yalikuwa yamekufa nusu. Ngoma alisikia, honi alisikia, lakini sauti nyembamba, kama mluzi wa birika, zilimpita bila hodi. Siri hiyo tuliijua wawili tu, na kwa miaka minne nilimfichia. Kisha nikachoka. Nasema wazi, nilichoka kuwa sikio la mtu aliyekalia kiti ninachokitaka.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, mbele ya meza ya kazi, penye mwanga wa dirisha. Mimi nilikalia ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango, nikisugua kutu. Nikimwomba aniachie walau gitaa moja, alikuwa akicheka na kusema sikio halipiti kichwa. Yeye, wa kuzungumzia sikio!

Ndipo akaja Nyuzi Nane. Tulimwita hivyo kwa sababu gitaa lake lilikuwa na nyuzi nane badala ya sita, na bendi yake ndiyo iliyoigwa na kila mpigaji mjini. Alikuwa ameweka nyuzi nene zaidi, nazo zikalivuta daraja, kile chuma kinachozishika, likainuka upande mmoja. Daraja la aina hiyo halikupigiliwa, linaelea. Mbele linavutwa na nyuzi, nyuma, ndani ya tumbo la gitaa, linavutwa na springi, na kazi ya fundi ni kusuluhisha ugomvi huo mpaka lilale sawa. Kazi hii ikimridhisha, alisema, bendi nzima ingeleta vyombo vyake kwetu.

Kaka aliongeza springi mbili, akakaza skrubu, akapima nyuzi kwa kimashine chenye taa inayowaka uzi ukifikia sauti yake, akakaza tena. Ilimchukua asubuhi nzima. Mwisho akabana kipande cha sponji chini ya springi, maana bila sponji springi hubaki zikilia mpigaji akishanyamaza, mlio mwembamba wa kukera. Akafunga kifuniko, akaenda kunawa mikono.

Nilifungua kifuniko, nikachomoa sponji, nikaitia mfukoni, nikafunga.

Nyuzi Nane alipofika, kaka alizigusa nyuzi mara moja, kiganja kikiwa nyuma ya gitaa. Akasita, akaniangalia, kisha akamkabidhi. Nyuzi Nane akapiga kwa kishindo na kukata ghafla, kama wapigavyo wao. Kimya kilipotakiwa kuwepo, kikaja kilio kirefu kutoka nyuma. Akarudia, kikalia tena. Kaka alitabasamu na kusema kazi ni safi.

"Kaka," nikasema, "kweli husikii hiyo?"

"Ipi?"

Nyuzi Nane alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaniomba nimalizie. Nilikata sponji mpya, nikaibana mahali pake, kilio kikakoma. Kabla ya wiki kwisha mji mzima ulikuwa unamwita Fundi Kiziwi. Wateja waliingia wakakipita kiti chake, wakaja kwenye ndoo yangu. Wengine walimpigia mbinja mgongoni wamjaribu, na mimi nilicheka nao.

Wiki ya tatu alisimama, akanipa bisibisi yake.

"Kiti hicho," alisema. "Sponji yangu unayo bado?"

Niliipokea bisibisi.

"Springi zilitetemeka kiganjani. Nilijua umeitoa. Nikasema, hata awe mbaya vipi, mbele ya mgeni atanisitiri."

Akaenda kukaa kwenye ndoo. Niliona aibu, lakini nilikaa kitini siku hiyo hiyo.

Mwezi uliofuata Nyuzi Nane alirudi. Alikuwa amelegeza nyuzi zote ili sauti iwe nzito zaidi, daraja likazama, na alikuwa na onyesho jioni. Nikalegeza springi, nyuzi zikapoteza sauti zake. Nikazirekebisha nyuzi, daraja likapanda kupita kiasi. Niliposhika uzi mwembamba, ule mnene ulikimbia. Masikio yangu yalisikia kila kosa, na mikono haikujua kurekebisha hata moja. Saa tisa nilikuwa nimelowa jasho, na Nyuzi Nane amesimama nyuma yangu akitazama saa.

Nikajikaza, nikamgeukia kaka, nikamuuliza kwa sauti ya chini. Aliweka kiganja nyuma ya sikio. Nikarudia kwa nguvu, mpaka mshona viatu wa jirani akachungulia.

"Kaka, nianze na springi au na nyuzi?"

Alinitazama midomo, midomo ile ile aliyoisoma miaka minne neno kwa neno.

"Sisikii, mdogo wangu," alisema, kisha akamwambia Nyuzi Nane aniulize mimi, kwa kuwa fundi ndiye mimi.